Haloperidol, sindano ya mwezi na olanzapine: maoni ya kinyozi aliyezitumia zote

Jumamosi iliyopita mteja wangu mmoja, nikiwa nimeshamfunga kitambaa na mashine imeshapita nusu ya kichwa, alitoa simu akanionyesha picha ya pakiti ya dawa. "Kinyozi, wewe unakutana na watu wengi. Hii dawa unaijua? Wamempa mdogo wangu." Nikasoma: olanzapine, miligramu 10, kimoja usiku. Akaendelea, "Dogo kanenepa kama kafugwa, asubuhi haamki, anasema anaacha. Sasa aache, asiache?"

Dawa hiyo, ya kutuliza ugonjwa wa akili, naijua kuliko ninavyojua bei ya wembe. Mwaka wa saba huu naimeza. Lakini kwenye benchi walikuwepo watu wanne wanasubiri, mmoja wao ni yule jamaa ambaye mtu akikosea kidogo tu anamwambia "wewe umetoroka Milembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Nikamjibu mteja sijui, akaulize duka la dawa. Nikamalizia kichwa, nikapokea hela. Usiku sikulala vizuri, na safari hii haikuwa dawa.

Jibu nililopaswa kumpa ni hili. Nitalipanga kwa nyota, kama watu wanavyopima simu, maana nimetumia dawa tatu kwa zaidi ya miaka kumi na zote nimezilipia, ama kwa hela ama kwa mwili. Mimi ni kinyozi wa Mbagala, saluni ya viti viwili. Udaktari sina, ninachokijua nimekijua nikiwa nimekaa upande wa mgonjwa.

Haloperidol: nyota mbili

Niliugua mwaka 2014, nina miaka 24. Sauti zilianzia kwenye mashine ya kunyolea. Mashine ikinguruma nasikia ndani yake watu wawili wananijadili, mmoja mwanamke, wanazungumzia nilivyomshika mteja kichwa, wanacheka. Nikizima, kimya. Nikaona mashine imechezewa, nikanunua nyingine. Wakahamia. Baadaye wakawa hata hawahitaji mashine. Yaliyofuata hadi kufika hospitali, waganga wawili wakiwamo, nayaruka. Aliyepitia anayajua.

Hospitalini nikaandikiwa haloperidol, miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Ni dawa ya siku nyingi, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen, na bado inatumika sana kwa sababu bei yake ni ya chini. Na inafanya kazi, hilo nalisema mapema nisije nikaeleweka vibaya. Baada ya wiki kama tatu wale wawili walianza kufifia kama redio inayoishiwa betri, halafu siku moja jioni nikiwa nafagia nywele nikagundua sijawasikia tangu asubuhi. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota tano.

Lakini siku ya tatu ya vidonge, nimekaa barazani nakula muhogo, shingo ilianza kuvutwa kushoto. Ilivutwa hasa, kama kuna mtu kanishika sikio ananigeuza. Macho yakapanda juu, yakakwama huko huko. Taya ikakaza na muhogo mdomoni. Mama alipoona weupe wa macho akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Jirani akasema, "Si mliambiwa ni jini? Leo limejitokeza." Aliyeita bajaji ni baba mdogo. Tulipofika, nesi alinitazama mara moja tu pale mlangoni akauliza: "Anatumia haloperidol?" Nikachomwa sindano, na nusu saa haikupita shingo ikarudi yenyewe mahali pake. Nesi akasema ni kawaida, hasa kwa vijana wa kiume, siku za mwanzo.

Kawaida! Hapo ndipo ninapokata nyota. Kama jambo ni la kawaida kiasi cha kutambuliwa mlangoni, ilikuwaje siku ya kupewa dawa asipatikane mtu wa kumwambia mama? Sentensi moja ingetosha: shingo ikigeuka mleteni, ni dawa, si jini. Sasa nusu ya mtaa wameliona jini langu kwa macho yao, na wapo ambao hadi leo hawanyoi kwangu. (Baadaye nilielezwa kuwa shingo inatisha kuliko inavyoua. Ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao na mtu kuchanganyikiwa. Hilo nalo sikuambiwa siku ile.)

Shingo ilipotulia, kilichobaki ni mkono. Kinyozi anaweza kuficha mengi, mkono hawezi. Mashine inavumilia mtetemo kidogo, wembe hauvumilii. Mzee mmoja niliyekuwa namchonga ndevu tangu najifunza kazi aliushika mkono wangu ukiwa na wembe, akaushusha polepole, akasema, "Mwanangu, leo ninyoe kwa mashine tu." Mwaka mzima hakuniruhusu wembe tena, na hakunisema kwa mtu. Mungu ampe umri.

Kuna na uso. Saluni yangu ina vioo pande mbili, kwa hiyo kutwa nzima najitazama nitake nisitake. Mteja akitoa kichekesho watu wanacheka, mimi nacheka rohoni, lakini kwenye kioo kuna mtu kanuna. Nikajaribu kujifunza kucheka upya, usiku, nimefunga mlango. Daktari alikuja kunieleza kwamba ni kama ule ugonjwa wa wazee wa kutetemeka na kukakamaa, Parkinson, ila huu umeletwa na dawa: kemikali iitwayo dopamini, inayozuiwa ubongoni ili sauti ziishe, ndiyo hiyo hiyo inayolainisha mwendo wa viungo.

Na kuna miguu. Hii sioni watu wakiizungumza vya kutosha. Haiumi, haiwashi, ila huwezi kukaa. Ukikaa kuna kitu ndani ya mifupa kinakuinua, ukisimama kinakuambia tembea, ukitembea kinakuambia bado. Kazi ya kinyozi ni ya kusimama, ungesema nimepata bahati, lakini mimi nilikuwa namzunguka mteja mpaka mmoja akauliza, "Kinyozi, mbona unanizunguka kama unatufu Kaaba?" Benchi lote likacheka. Klinikini nikaeleza kwamba situlii. Ikaandikwa kwenye faili kwamba nina wasiwasi, nikaongezewa dozi. Dozi iliyoongezwa ikaongeza mwendo. Kama una ndugu anayetumia dawa hizi na usiku anapima chumba kwa hatua, kabla hamjasema ugonjwa umepanda muulize swali hili: akili ndiyo haitulii, au miguu? Mgonjwa anajua tofauti, ila mpaka aulizwe.

Pamoja nayo nilipewa Artane, ile benzheksoli, ya kuzuia madhara ya haloperidol. Naipa tatu. Ilinirudishia shingo na nusu ya mkono, ikanichukulia mate, ikanifungia choo siku nne nne, na ikayatia ukungu maandishi ya karibu. Ule mstari wa paji la uso, ambao ndio unaomtofautisha kinyozi na mtu mwenye mashine, nilikuwa nauchonga kwa kukisia. Halafu uifiche, maana vijana wa kijiweni wanaijua, wanaimeza walewe.

Nilivyoacha mara ya kwanza

Machi 2015 niliacha mwenyewe, ghafla, bila kumwambia mtu. Nilikuwa nakitoa kidonge kwenye pakiti mama anaona, nakitupa chooni.

Husemwa kwamba mgonjwa wa akili anaacha dawa kwa sababu hajui kuwa anaumwa. Wapo wa hivyo. Mimi nilijua vizuri sana. Niliacha kwa sababu ya wembe.

Na nitasema jambo ambalo klinikini halisemwi: wiki zile zilikuwa tamu. Siku tano sita za mwanzo sikulala, jasho, tumbo limevurugika, halafu mwili ukafunguka. Mkono ukatulia. Nikacheka na kioo kikacheka. Nikamchonga kijana mmoja bwana harusi kwa wembe, mstari kama umepigwa rula. Nikamwambia mama nimepona, akachinja kuku.

Kumbe madhara ya dawa yanaondoka kwa siku na wiki, na ugonjwa unaweza kuchukua miezi kurudi. Katikati hapo mtu anapata kipindi cha raha, na anakihesabu kuwa ushahidi: unaona, dawa ndiyo iliyokuwa inaniumiza. Kwangu walirudi wiki ya tisa. Safari hii hawakuwa wawili.

Miaka baadaye, nikiwa mzima, daktari alinionyesha hesabu. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa uchambuzi uliokusanya majaribio 65. Ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia 27 kati ya kila 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya kila 100 waliobadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na kitu. Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Inasema dawa inakinga, hakuna ubishi. Inasema pia watu 36 kati ya 100 walimaliza mwaka bila dawa na bila kuanguka. Kila mgonjwa niliyewahi kukaa naye benchi moja anaamini yeye ni wa hao 36, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kumwambia kama ni kweli.

Nyumbani nako kila mtu ana lake. Shangazi aliona nikitumia dawa hizo nitakuwa teja. Hazina ulevi ule, hakuna anayekaba watu apate hela ya haloperidol. Lakini mwili unazizoea, na ndiyo maana ukizikata ghafla unakasirika. Vitu viwili tofauti, na wakati ule sikuwa na maneno ya kumweleza.

Sindano ya mwezi: nyota mbili na nusu

Baada ya anguko lile familia ilikaa kikao, mimi sikuitwa. Ikaamuliwa sindano. Baba mdogo aliipenda kwa sababu haifichiki chini ya ulimi wala haitupiki chooni. Fluphenazine, miligramu 25, takoni, kila wiki nne. Nilipoambiwa imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta nilicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Kwetu Lindi ufuta ndiyo hela, na bibi alikuwa anatuchua kwa mafuta hayo hayo tukiwa wadogo. Basi mafuta yanakaa kwenye nyama yanaachia dawa kidogo kidogo.

Uzuri wake ni amani ndani ya nyumba. Hakuna anayehesabu vidonge vyako wala anayekutazama koo. Kwa familia iliyochoka kugombana hilo si dogo.

Ubaya wake: kidonge kikikukataa, kesho unamwona daktari kabla hujameza kingine. Sindano ikikukataa, imeshaingia na haitoki. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa mgumu kama mlango mpya, wiki ya pili naanza kulegea, ya nne nakaribia mtu. Nikatengeneza kalenda ya wembe. Wateja wa ndevu nawapanga wiki ya nne, wengine nawaambia wembe umekwisha, nitanunua. Nilifanya hivyo karibu miaka mitatu, na nadhani hakuna aliyegundua ila yule mzee.

Jambo jingine nitalisema haraka kwa sababu nina haya nalo. Nilioa mwaka 2016. Mambo ya chumbani yakawa hayaendi. Nilimficha mke wangu kwamba ni dawa, yeye akajaza mwenyewe pengo: kuna mwanamke mwingine. Tulifikia hatua ya wazee kuitwa. Dawa hizi nyingi zinapandisha homoni inayoitwa prolaktini, na ikipanda, mwanamume anapoa. Wanawake wana ya kwao. Dada mmoja niliyekuwa nakutana naye kwenye foleni, anatumia risperidone, alikosa hedhi miezi mitano, maziwa yanamtoka na hana mtoto, akapimwa mimba mara tatu kabla hajatokea mtu wa kuuliza anatumia dawa gani. Wanaume wengi wanaacha dawa kwa ajili ya hili na wanasema wameacha kwa sababu wamepona. Namwambia yule dogo kama atasoma: sema. Daktari ameshasikia mabaya kuliko hayo.

Kuhusu huduma yenyewe. Kwa sera, matibabu ya akili kwenye hospitali za serikali ni ya msamaha, hulipi. Nashukuru. Lakini mara mbili nilifika siku yangu nikaambiwa sindano hakuna, kanunue nje au urudi wiki ijayo. Bure ya kitu kisichokuwepo haikusaidii. Foleni tangu saa 1 asubuhi, daktari dakika mbili: unasikia sauti, unalala, unakula, nenda. Maswali yote matatu ni ya ugonjwa. La dawa halikuwemo.

Mpaka mwaka 2018 alipokuja daktari mwingine, mwanamke, kijana kuliko mimi nadhani. Aliuliza nafanya kazi gani. Nikasema kinyozi. Akaniambia nyoosha mikono mbele, tanua vidole. Akachukua karatasi akailaza juu ya vidole vyangu, ikawa inacheza kama bendera. Akaitazama, akanitazama. "Na mkono huu ndio unaoshika wembe?"

Nilitaka kulia. Miaka minne, na hilo ndilo swali la kwanza lililoingia saluni kwangu.

Olanzapine: nyota tatu na nusu

Hakunibadilishia siku moja. Vidonge vilianza huku sindano ya mwisho ikiwa bado inaisha mwilini, na mkono haukutulia kesho yake, ulichukua zaidi ya miezi miwili. Lakini ulitulia. Uso ukarudi. Mke wangu alisema, "Siku hizi ukikasirika naona," akimaanisha sifa. Na sauti zikabaki zilipo, mbali, kama majirani waliohama.

Sasa ubaya, na hapa ndipo kwa mdogo wa mteja wangu.

Njaa ya olanzapine si njaa ya kazi. Unakula, tumbo linajaa, na njaa ipo pale pale haijaguswa. Saa 6 usiku nilikuwa naamka nakula kiporo cha ubwabwa gizani, kwa mkono, kwenye sufuria, halafu asubuhi mke anauliza nani kala cha watoto. Nilianza na kilo 61, baada ya miezi kumi na moja nina 83. Koti la kazi halifungiki. Na kwetu mtu akinenepa anapongezwa! Mama aliniangalia akasema, "Sasa umepona, umenawiri." Wateja: "Kinyozi, mambo safi." Hakuna mtaani aliyeona tatizo. Kioo kiliona, na daktari aliona, akanipima sukari kabla sijala: 6.7. Bado si kisukari, akasema, lakini uko kizingitini. Kama hupimwi uzito na sukari unapoanza dawa hii na kila baada ya miezi kadhaa, dai upimwe.

Nilichofanya ni vitu vya kawaida na vilinisaidia kiasi: soda nimeziacha kabisa, chai bila sukari, kiporo hakilali jikoni, na jioni natembea kwa miguu kutoka saluni mpaka nyumbani badala ya bodaboda. Nimeshuka hadi 76 na hapo nimegota. Atakayekuambia inatosha kujizuia tu, hajaimeza.

Usingizi ni kesi nyingine. Nilikuwa naimeza saa 5 usiku nikishafunga hesabu, saa 3 asubuhi bado ni gunia. Mteja anayekwenda kazini hasubiri kinyozi aamke, nikapoteza vichwa vya asubuhi karibu vyote. Daktari akauliza tu naimeza saa ngapi, akanisogeza mpaka saa 2 usiku. Saa 4 naanguka, saa 12 asubuhi nipo. Hilo lilichukua sekunde kumi kulisema, na mimi nilikuwa nimeshafikiria kuacha dawa kwa ajili yake.

Na hili la sigara, nilikuwa silijui. Moshi wa sigara unalifanya ini liichome olanzapine haraka. Nilipoacha kuvuta, mwaka 2020, wiki chache baadaye nikawa nasinzia nimesimama, kumbe dozi ile ile imekuwa kubwa mwilini. Ukiacha au ukianza kuvuta, mwambie daktari.

Bei: ikikosekana hospitali, ya mwezi mzima duka la dawa huwa inanila vichwa kati ya sita na kumi, kutegemea nimeikuta ya kampuni gani. Mwezi mbaya, wa mvua, vichwa kumi vinaonekana.

Kuacha, mara ya pili, mlango wa mbele

Mwaka 2021 nilirudi kwa yule daktari nikamwambia nataka kuacha, na safari hii sitaki kutoroka. Nilitegemea kugombezwa. Akasema, "Nakushauri usiache. Lakini kupunguza tunaweza kujaribu pamoja." Akataka nije na mke.

Tulishuka kutoka 10 hadi 7.5, tukakaa hapo miezi minne. Halafu 5. Mke aliandika kwenye daftari dalili zangu tatu za mwanzo, ambazo yeye ndiye aliyeziona, mimi nisingezijua: kutolala usiku miwili mfululizo, kuzima redio saluni kwa sababu "inaongea sana", na kugeuza kioo. Tukakubaliana akiona moja kati ya hizo anampigia daktari, na mimi sina ruhusa ya kubisha. Kusaini kitu kama hicho mbele ya mkeo si rahisi kwa mwanamume. Nilisaini.

Kwenye 5 nilikuwa mtu mpya. Kichwa chepesi, njaa imepungua, asubuhi ni asubuhi. Nikataka sifuri. Mapema 2023 tukashuka 2.5, na wiki ya sita mke alikuja saluni bila kuniaga akakuta kioo cha kushoto kimetazama ukuta. Nilikuwa na maelezo mazuri sana kuhusu kioo kile. Hakuyasikiliza, alipiga simu. Nikarudi 5 usiku ule ule, na katika siku kumi yakapita. Sikulazwa. Mwaka 2015 nililazwa wiki saba.

Mwishoni mwa mwaka ule daktari aliniambia kuna utafiti wa Uingereza umetoka, watu 253, miaka miwili. Nusu waliendelea na dozi yao, nusu wakapunguziwa taratibu kwa kusimamiwa. Walioanguka vibaya walikuwa asilimia 13 kwa walioendelea na 25 kwa waliopunguziwa, na maisha ya kila siku ya waliopunguziwa hayakuonekana kuwa bora kuliko ya wenzao. Niliukasirikia utafiti ule kama umefanywa na mtu wa mtaani kwetu. Nikarudi nyumbani nikahesabu: robo walianguka, basi robo tatu hawakuanguka vibaya. Mke akasema, "Wewe tunakujua ni wa robo ipi." Sina jibu la hilo. Nipo kwenye 5, mwaka wa tatu sasa, na kila ikipita miezi sita nauliza tena.

Hofu yangu iliyobaki ni ulimi. Dawa hizi, hasa zile za zamani, zikitumika miaka zinaweza kuacha mdomo na ulimi vinacheza vyenyewe, kama mtu anatafuna kisichokuwepo, na wakati mwingine hata ukiacha dawa haviachi. Niliwaona wazee wa hivyo kwenye foleni, nikadhani ni meno. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, wateja bado hawajaja, nakaa kwenye kiti changu mwenyewe, nafungua mdomo mbele ya kioo, nahesabu mpaka sitini. Ulimi umelala. Nafunga mdomo, nafungua mlango.

Sasa yule mteja. Aache, asiache? Asiache leo usiku peke yake chumbani, kama nilivyofanya mimi. Amwambie daktari maneno yale yale aliyomwambia kaka yake, kwamba ananenepa na haamki, kwa sababu yote mawili yana la kufanyika kabla ya kufika kwenye kuacha. Apimwe sukari. Aseme anaimeza saa ngapi. Kama daktari hana dakika tatu, arudi, au aende kwa mwingine. Dozi inaweza kushuka, dawa inaweza kubadilishwa, ipo aripiprazole ambayo hainenepeshi hivyo, ingawa nayo nasikia ina habari zake za miguu.

Haya yote nilikuwa nayo mdomoni Jumamosi nikasema sijui. Na kuna kitu nimekikumbuka leo tu nikiwa naandika. Wakati nampaka spiriti yule mteja alisema mdogo wake anaendesha bodaboda, anaingia barabarani saa 11 alfajiri. Saa 11, na kidonge kimemezwa saa ngapi? Namba yake ninayo, aliwahi kunilipa kwa simu. Nampigia sasa hivi, kabla dogo hajatoka.